Ukiulizwa "Unatumia Dawa Nyingine?", Usijibu Haraka

Juma lililopita niliandikiwa ujumbe na dada mmoja anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Yumo katika wiki ya tano ya matibabu ya homa ya ini aina ya C, amebakiwa na wiki saba, na Ijumaa atasafiri kwenda Kitui kwa harusi ya mdogo wake. "Kaka, mwili umerudi, sichoki tena," aliandika. "Nikiviacha vidonge siku tatu tu, nikanywa bia mbili na wenzangu, kuna ubaya?" Nimeusoma ujumbe huo mara kadhaa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilinusurika kuyaharibu matibabu kama hayo, tena bila bia wala harusi.

Niligundua kwamba nina virusi hivi mwaka 2021, nilipojitolea kuchangia damu. Damu inayochangwa hupimwa virusi vya Ukimwi, kaswende, na homa ya ini ya aina ya B na C, na siku chache baadaye nilipigiwa simu nikaombwa nirudi. Sikuwa na dalili yoyote. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miaka ishirini au zaidi, ukilitia ini makovu kidogo kidogo, huku mwenyewe akiamka kila asubuhi kwenda kazini kama kawaida. Daktari aliniuliza kama niliwahi kuongezewa damu, kudungwa sindano iliyotumika au kunyolewa kwa wembe wa wengi, na mpaka leo sijui ni wapi hasa nilipoupata.

Wakati huo nilikuwa nikiishi kwa dada yangu mkubwa huko Kayole. Siku ya pili baada ya kumwambia, aliniletea kikombe kipya cha plastiki, cha kijani, akakitundika kwenye msumari wake peke yake nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimweleza kwamba virusi hivi huambukizwa kwa damu, kwamba havipiti kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kusalimiana. Aliitikia kwa kichwa, na kikombe kikabaki msumarini. Sijalisahau jambo hilo, na sitadai kwamba nimelisamehe.

Nilipewa kidonge kimoja kwa siku kwa muda wa wiki 12, chenye miligramu 400 za sofosbuvir na miligramu 100 za velpatasvir. Waliotutangulia walidungwa interferoni kwa miezi sita au hata mwaka mzima, wakapata homa na huzuni nzito, na wengi wao hawakupona. Sofosbuvir ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, matibabu ya wiki 12 yalitajwa kwa bei ya dola 84,000. Vidonge vyangu vilitengenezwa India kwa bei ya chini mno kuliko hiyo, na vinaponya zaidi ya watu tisa kati ya kumi. Ndiyo maana nilijiona nimeshafika. Niliweka kengele ya simu saa kumi na mbili asubuhi, nikameza kidonge kwa chai kabla ya kukimbilia matatu ya kwenda mjini, na kwa wiki nne sikukosa hata siku moja. Nilijisifu sana kwa hilo.

Sasa nieleze kosa. Ninafanya kazi ya kujalidi vitabu na kuchonga mihuri karibu na River Road, na kwa miaka mingi nimesumbuliwa na kiungulia. Nilikuwa na chupa ya ile dawa nyeupe ya maji ambayo niliinywa kila baada ya chai, moja kwa moja mdomoni, bila kijiko. Juu yake nilimeza omeprazole nilipozidiwa, nikinunua vidonge vitano vitano kwenye duka la dawa lililokuwa njiani, ambako hakuna aliyewahi kuniuliza ninaugua nini. Kabla ya kuanza matibabu, daktari alikuwa ameniuliza waziwazi, "Unatumia dawa nyingine?" Nikajibu hapana. Sikudhani kwamba ninadanganya. Kwangu mimi dawa ni kile kilichoandikwa na daktari kwenye karatasi. Kile cha kiungulia kilikuwa ni "ile nyeupe" tu, na unga wa mizizi alionipa shangazi ulikuwa ni chai.

Wiki ya nne nilikwenda kuchukua kopo la pili. Foleni ilikuwa ndefu, tumbo likawaka, nikapiga funda moja la ile nyeupe nikiwa nimesimama papo hapo. Nilipofika dirishani, mfamasia, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, hakutazama kadi yangu bali midomo yangu, iliyokuwa na utando mweupe. "Mzee," akaniambia, "hebu toa kila kitu kilichomo kwenye mkoba huo." Nikatoa. Akavipanga mezani kwa kidole safu mbili: upande mmoja kopo la vidonge vya virusi, upande wa pili chupa nyeupe, omeprazole, na unga wa mizizi uliofungwa kwa gazeti. Safu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na watu waliokuwa nyuma yangu walikuwa wakitazama.

Aliniambia kwamba velpatasvir huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na kwamba mimi nilikuwa nikiizima asidi hiyo dakika chache tu baada ya kumeza kidonge. Kuanzia siku hiyo, ile nyeupe iliachana na kidonge kwa saa nne, omeprazole ikasimamishwa na daktari, na unga wa mizizi ukabaki palepale mezani, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema una nini ndani yake. Kisha akataja nyingine, nami nikaziandika nyuma ya kadi: rifampicin ya kifua kikuu, na carbamazepine na phenytoin za kifafa, ambazo hupunguza nguvu ya vidonge hivi mwilini, amiodarone ya moyo, ambayo ikikutana na sofosbuvir inaweza kupunguza mapigo ya moyo kwa kiwango cha hatari. Mzee aliyekuwa nyuma yangu, mwenye kisukari, aliambiwa apime sukari mara kwa mara, kwa sababu virusi vinapoondoka sukari inaweza kushuka huku dozi yake ikibaki ileile. Hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini nilipimwa homa ya ini ya aina ya B kabla ya kuanza: aliye nayo anaweza kuiona ikiamka wakati ile ya C inapokufa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiulizwa kuhusu dawa nyingine, jibu kuhusu kila unachomeza, unachokunywa na unachochemsha. Usichague wewe lipi ni dawa na lipi si dawa. Beba mkoba mzima.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho nilipimwa tena, na virusi havikuonekana. Nilimpelekea dada yangu karatasi ile, akaisoma, akanimiminia chai kwenye kikombe cha udongo. Hata hivyo mwaka jana, katika upimaji wa kazi, kijana mmoja alinipima kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, kwa kile kipimo cha haraka na kutangaza mbele ya watu kwamba bado ninaumwa. Kingamwili hubaki hata baada ya kupona. Dai kipimo cha virusi vyenyewe, na usisahau kwamba aliyepona anaweza kuambukizwa upya.

Dada wa Umoja nilimjibu hivi. Bia haigombani na kidonge, inagombana na ini, nalo ini lako ndilo tunalojaribu kuliokoa, basi kunywa soda. Vidonge usiviache hata siku moja. Vibebe katika kopo lake, kwenye mkoba unaokaa nao, si kwenye sanduku linalopanda juu ya basi. Ukisahau kimoja na saa 18 hazijapita tangu wakati wako wa kukimeza, kimeze mara moja. Zikipita, subiri saa yako ya kawaida, wala usimeze viwili kwa pamoja. Ukitapika kabla ya saa tatu kupita tangu umeze kidonge, meza kingine, kisha uwajulishe kliniki kwa kuwa hesabu ya kopo itapungua. Mwishoni nikamuuliza ana nini kingine kwenye mkoba.

Alijibu jana usiku. Anavyo vidonge vya kutafuna vya kiungulia, alivyonunua kwa ajili ya nyama ya harusi. Nimemwambia awapigie kliniki kabla ya kupanda basi.