Maswali ya Wasomaji: Matembezi mepesi kando ya hori la Strangford

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za Ireland ya Kaskazini, hasa hori la Strangford katika jimbo la Down, kusini-mashariki mwa Belfast. Ni hori la maji chumvi lenye eneo la kilomita za mraba 150 hivi, na linaungana na Bahari ya Ireland kupitia mlango mwembamba wenye urefu wa kilomita 8 hivi. Tumechagua barua nne.

SWALI: Ndugu mhariri, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania naishi Dublin. Mwezi Juni mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, lakini anapenda kutembea na anapenda magofu. Nataka nimpeleke Strangford kwa siku moja. Tuanzie wapi, na je, tunaweza kulizunguka hori lote? — Msomaji, Dublin

JIBU: Mfikishie mama shikamoo zetu. Tuanze na karatasi kabla ya viatu. Strangford iko chini ya Uingereza, na viza ya Ireland pekee haitoshi. Barabarani hakuna kizuizi wala afisa wa kukusimamisha, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mwenye pasi ya Tanzania anatakiwa awe na viza ya Uingereza kabla ya kuvuka, na wewe pia, ikiwa bado unatumia pasi ya nyumbani. Kama gari ni la kukodi, hakikisha bima yake inavuka mpaka. Na ukishavuka, vibao vya mwendo ni vya maili: 60 ya kule si 60 ya Dublin.

Kulizunguka hori lote kwa miguu hapana. Sehemu kubwa ya ufuo inapakana na mashamba ya watu, na huko hakuna haki ya kukatiza popote unapotaka. Matembezi mazuri ni vipande vifupi ndani ya maeneo yaliyo wazi kwa umma. Kwa mama tunachagua Castle Ward, kilomita 2 hivi kabla ya kijiji cha Strangford ukitokea Downpatrick. Ni mali ya shirika la hifadhi la National Trust, na kiingilio hulipwa getini.

Ukiingia, shuka hadi upande wa pwani, kwenye uwanja wa shamba la zamani wenye mnara wa mawe wa karne ya 16. Uwanja huu ulitumiwa kupigia picha tamthilia moja maarufu ya televisheni, kwa hiyo mwisho wa wiki usishangae kukuta watu wazima wamevaa majoho na kulenga shabaha kwa mishale. Ukitaka utulivu nenda siku ya kazi, asubuhi.

Kutoka hapo fuateni njia ya ufukweni kuelekea kaskazini, maji yakiwa kulia kwenu. Njia ni pana, haina mwinuko wa kutisha, na ndani ya kilomita moja na nusu mtafika Audley's Castle, mnara wa karne ya 15 juu ya kilima cha majani. Kipande cha mwisho ndicho pekee kitakachomsumbua mama: ni kifupi, lakini kina mteremko na majani yake huteleza yakilowa. Apande kwa mshazari, fimbo ikiwa upande wa chini. Kuingia ni bure. Kabla hamjaingia, simameni mlangoni mtazame juu. Kuna nguzo mbili za mnara zilizotokeza mbele na tao refu linaloziunganisha. Nyuma ya tao pameachwa uwazi, na kupitia hapo walinzi waliweza kumporomoshea mawe yeyote aliyeujaribu mlango. Wageni wengi hupita chini yake bila kuuona.

Kwa kurudi msifuate njia ileile. Shukeni upande wa bara hadi Temple Water, ziwa jembamba lililochimbwa katika karne ya 18, likanyooshwa makusudi ili mtu akitazama kwa urefu wake aone mnara wa Audley mwishoni. Njia ya kando yake ni tambarare. Mzunguko wote ni kilomita 3 hadi 4. Kwa mwendo wa mama, pamoja na kupumzika, tengeni saa mbili.

Mkibaki na nguvu, itazameni nyumba kubwa ya Castle Ward kwa nje, pande zote mbili. Ilijengwa miaka ya 1760. Bwana Bernard Ward alitaka mtindo wa Kiyunani na Kirumi, mkewe Lady Anne akataka wa Kigothi wenye madirisha ya ncha. Wakagawana: mbele ya bwana, upande wa hori wa bibi. Baadaye walitengana wenyewe. Nyumba ikabaki na nyuso mbili.

Malizieni kwa pantoni ya Strangford kwenda Portaferry, dakika 10 tu. Kutoka Strangford huondoka saa kamili na nusu saa. Kutoka Portaferry, robo saa baada ya saa kamili na robo saa kabla yake. Angalieni ratiba ya siku hiyo kabla ya kuvuka jioni, maana ukikosa ya mwisho, kuzunguka kwa barabara ni kama kilomita 75. Kuhusu giza msiwe na wasiwasi: mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku.

SWALI: Mimi nipo Belfast, sina gari. Kuna matembezi ya historia ninayoweza kufika kwa basi? — Msomaji, Belfast

JIBU: Yapo. Panda basi namba 10 linalokwenda Portaferry kupitia Newtownards, ushuke Mount Stewart, nyumba kubwa ya kale yenye bustani. Ndani ya viwanja hivyo tembea hadi Temple of the Winds, jengo dogo la pembe nane la miaka ya 1780 lililo juu ya kilima, hori lote likiwa chini yako na mnara wa Scrabo ukionekana ng'ambo. Bustani ya nyumba ilipandwa na Lady Edith Londonderry kuanzia 1921, na hewa ya hori huzuia baridi kali isiingie, ndiyo maana utaona mimea ya nchi za joto isiyostahimili kwingine Ireland. Ukiingia nyumbani, ulizia viti vya Mkutano wa Vienna wa 1814 hadi 1815, uliopanga upya Ulaya baada ya vita vya Napoleon. Lord Castlereagh, aliyeiwakilisha Uingereza, alitoka kwenye familia hii.

Kisha panda basi lilelile hadi kijiji cha Greyabbey, kilomita chache mbele. Usishawishike kwenda kwa miguu kandokando ya barabara kuu, magari huenda kasi. Kijijini yapo magofu ya abasia ya watawa Wasitoo iliyoanzishwa 1193 na Affreca, binti wa mfalme wa Kisiwa cha Man na mke wa John de Courcy, bwana wa Kinormani aliyeiteka sehemu hii. Mapokeo yanasema alikuwa ameweka nadhiri baada ya kunusurika tufani baharini. Kuingia ni bure, uwanja ni tambarare, na saa moja inatosha.

SWALI: Tulitaka kuvuka kwa miguu kwenda Rough Island karibu na Newtownards, ambako tuta huonekana maji yakitoka. Jedwali la maji kujaa na kupwa la Belfast lilisema maji yamejaa saa nne asubuhi. Tukafika saa saba mchana tukijua yameshatoka nusu. Tuta halikuonekana kabisa. Tulikosea wapi? — Familia moja, Lisburn

JIBU: Hamkukosea kusoma, jedwali ndilo si la huko. Maji yote ya hori hupita kwenye mlango ambao mahali penye wembamba zaidi una upana wa nusu kilomita tu. Hayawezi kuingia na kutoka kwa haraka kama bahari inavyotaka, kwa hiyo hori la ndani huchelewa. Ongezeni karibu saa mbili juu ya saa za Belfast. Pili, majedwali mengi huchapishwa kwa saa za Greenwich. Wakati wa kiangazi saa za huku husogezwa mbele, kwa hiyo mnaongeza saa moja tena. Saa nne, jumlisha mbili, jumlisha moja: saa saba mchana. Mlifika maji yakiwa yamejaa pomoni.

Kanuni tunayoipendekeza: ingieni kisiwani maji yakiwa bado yanatoka na tuta limekauka, na muwe mmesharudi bara kabla ya saa moja kupita tangu yakupwe. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji hurudi kwa kasi zaidi, hivyo punguzeni hata muda huo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tuta lenyewe huenda likachelewa kukauka. Msikate njia ya mkato kupitia tope la kaskazini mwa hori, ni laini na linameza mguu hadi gotini. Mkikwama kisiwani, kaeni juu, pakavu, mpige 999 na kuomba Coastguard, yaani waokoaji wa pwani. Msijaribu kuvuka ndani ya maji.

Kule mlangoni kwenyewe, kati ya Strangford na Portaferry, ndiyo kabisa msiogelee. Mkondo hufikia karibu mita 4 kwa sekunde. Mwaka 2008 uliwekwa pale mtambo wa kuzalisha umeme kwa mkondo huo, wenye uwezo wa megawati 1.2, sasa umeshaondolewa.

Kama mnataka kuona wazee wa zamani walivyoyatumia maji haya, nendeni Nendrum katika kisiwa cha Mahee, kinachofikika kwa gari wakati wowote. Ni magofu ya monasteri yenye kuta tatu za mawe, moja ndani ya nyingine, na kisiki cha mnara wa duara. Watawa waliziba kijighuba kwa boma, maji yakajaa ndani, na yalipokupwa nje wakayafungulia yapite kwenye mfereji na kuzungusha gurudumu la kinu. Mbao za kinu cha kwanza zilipimwa kwa pete za mti zikaonyesha mwaka 619. Uwanja ni wa majani yenye mwinuko. Viatu vya soli laini havifai.

SWALI: Nina mtoto wa kigari na mume wangu anapenda ndege. Twende wapi, na lini? — Mama wa mmoja, Bangor

JIBU: Castle Espie, hifadhi ya ndege wa majini karibu na Comber. Njia zake ni tambarare na kigari kinapita. Bata bukini wadogo weusi huwasili kutoka Aktiki ya Kanada mwezi Septemba na Oktoba, wakifuata nyasi za bahari zinazoota kwenye tope. Fikeni kama saa mbili kabla ya maji kujaa, kwa hesabu ya hori la ndani tuliyoieleza hapo juu, kwa sababu maji yanayopanda huwasogeza ndege karibu na vibanda vya kutazamia. Maji yakikupwa wote huwa mbali, na hata darubini haitasaidia sana.