Kwenye mstari au nyuma ya mstari?

Swali: Ninafundisha michezo sekondari, hapa Nkuhungu, Dodoma. Ninaandika karatasi fupi ya kuwafundisha wanafunzi kuchezesha mpira wa kikapu, sehemu ya mitupo huru (ile ambayo mchezaji anarusha mpira kikapuni bila kuzuiwa, baada ya faulo). Niliandika "mpigaji asimame kwenye mstari", mwenzangu akasema lazima iwe "nyuma ya mstari". Tena tunabishana kuhusu waamuzi wawili: tuwaite wa kwanza na wa pili, au wa mbele na wa nyuma?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, Mwalimu, na hapa neno moja linagharimu pointi. "Kwenye" linabeba mengi. Kitabu kikiwa kwenye meza, kiko juu yake. Mtu akiwa kwenye foleni, yumo ndani yake. Tukikubaliana kukutana kwenye geti, hakuna atakayepanda geti. Tutakutana karibu nalo. Msikilizaji huchagua maana kwa mazoea, na mwanafunzi aliyezoea kuambiwa "simameni kwenye mstari" asubuhi paredi ataweka vidole vya miguu juu ya rangi.

Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, haziruhusu hilo. Mstari wa mitupo huru una upana wa sentimita 5, na ukingo wake ulio mbali na kikapu uko mita 5.80 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho wa uwanja. Mpigaji anasimama nyuma ya ukingo huo, ndani ya nusu duara iliyochorwa hapo. Ncha ya kiatu ikigusa rangi kabla ya wakati wake, mpira hata ukiingia hauhesabiwi. Na kama huo ndio mtupo wa mwisho, wapinzani wanapewa mpira waurushe kutoka pembeni, usawa wa mstari huohuo. Kwa hiyo andika: "asimame nyuma ya mstari, ndani ya nusu duara, bila kuukanyaga." "Mstarini" lina utata uleule wa "kwenye". Liache kwa mtangazaji anayesema "mpigaji anakwenda mstarini", maana pale anaeleza mwendo tu. Na kama uwanja wenu ni wa saruji, fagieni vumbi la kiangazi na mpake rangi upya kabla ya mafunzo, kwa sababu mstari usioonekana hauwezi kuamuliwa kwa neno lolote.

Umenipa swali la "kwenye", lakini mahali ambapo karatasi za namna hii huharibika zaidi ni kwenye "kabla". Nimeona mara nyingi sentensi kama "wachezaji wasiingie kabla mpira umetoka". Kiswahili kinataka kikanushi hapo: kabla mpira haujatoka. Ukipenda njia nyepesi, sema "kabla ya mpira kutoka", au "mpaka mpira utoke". Sarufi ikishanyooka, bado liko jambo la kanuni, nalo ni kwamba "kabla" ziko mbili wala hazilingani. Wachezaji waliojipanga pembeni mwa eneo la ndani, lile lililochorwa kati ya mstari wa mitupo huru na mstari wa mwisho, hawaruhusiwi kuondoka kabla mpira haujatoka mkononi mwa mpigaji. Mpigaji mwenyewe anasubiri zaidi: haruhusiwi kukanyaga mstari wala kuingia eneo hilo kabla mpira haujaingia kikapuni au kugusa ringi. Ukiziunganisha katika sentensi moja, utapata mwamuzi anayempulizia filimbi mdaka ribaundi (mpira unaorudi ukikosa kikapu) aliyeondoka kihalali, huku anamwacha mpigaji aliyefuata mpira wake ungali hewani. Ziandike sentensi mbili, kila moja na mtendaji wake.

Wanaojipanga ni watano kwa wingi, watatu wa timu inayolinda na wawili wa timu inayopiga, na nafasi mbili zilizo karibu zaidi na kikapu ni za timu inayolinda. Wengine wote wakae nyuma ya mstari wa pointi tatu na nyuma ya usawa wa mstari wa mitupo huru.

Sasa waamuzi. "Wa kwanza na wa pili" yanaleta cheo. Mwamuzi mkuu yupo kweli, ila ukuu wake hauhusiani na mahali anaposimama. Anaweza kujikuta upande wowote. "Wa mbele na wa nyuma" yanafaa, mradi ueleze mbele ya nini. Ni mbele ya mashambulizi: mmoja ametangulia hadi mstari wa mwisho karibu na kikapu, mwenzake anafuata mchezo kwa nyuma. Timu iliyokuwa ikilinda ikidaka ribaundi na kukimbilia upande wa pili, aliyekuwa nyuma ndiye anayetangulia, na aliyekuwa mbele anabaki nyuma. Kwa hiyo usimwandike mwanafunzi kwa jina kuwa "mwamuzi wa mbele" kwa mechi nzima. Andika "mwamuzi aliye mbele", umbo la -li- linabeba hali ya wakati ule.

Kazi zao ziandikwe kwa vitenzi dhahiri. Aliye mbele anaingia chini ya kikapu, anaonyesha idadi ya mitupo kwa vidole, anampa mpigaji mpira kwa kuudundisha mara moja, kisha anatoka na kuwatazama waliojipanga. Aliye nyuma anamwangalia mpigaji na miguu yake, anahesabu sekunde 5 alizopewa mpigaji kurusha, na kuufuatilia mpira hadi kwenye ringi. Sekunde hizo zinaanza mpira unapokuwa tayari kwa mpigaji kuutumia. "Tangu aushike" ni maneno yanayompa mwanya wa kuuacha sakafuni na kujinyoosha.

Jihadhari pia na "kosa". Watangazaji wetu hulitumia kwa kila kitu, lakini wanaoandika alama mezani wanahitaji kujua kama ni faulo, inayoandikwa kwa mchezaji na kuhesabiwa kwa timu, au ni ukiukaji, kama ule wa kukanyaga mstari, usioandikwa kwa yeyote. "Madhambi" ya soka yaache sokani, na "penalti" vilevile.

Mwisho, upatanisho wa idadi. Mwamuzi atamke "mitupo miwili", "mitupo mitatu", kamwe si "mitupo mbili". "Huru" halibadiliki: mtupo huru, mitupo huru. Mwamuzi akiwa ndani ya eneo la ndani, vidole vinaonyeshwa vikiwa vimelala: kimoja kwa mtupo mmoja, viwili kwa miwili, vitatu kwa mitatu. Upepo wa Dodoma ukivuma uwanja wa wazi, vidole ndivyo vitakavyosomwa na mchezaji wa mbali, kwa hiyo wazoeze wanafunzi kutamka na kuonyesha kwa pamoja.