Maswali ya Wasomaji: Kioo chenye mwaka 1848

SWALI: Marehemu babu aliachiwa na meneja wa shamba la chai Mufindi kioo kizito cha kukandamizia karatasi. Juu kimeviringa kama nusu chungwa, ndani kimejaa viua vya rangi. Ua moja lina herufi B na mwaka 1848. Kuna mtu mjini Iringa ananipa shilingi 50,000. Nimuuzie?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Usimuuzie kwanza. Kiwanda cha Baccarat cha Ufaransa kiliweka herufi B na miaka ya 1846 hadi 1849 ndani ya vioo vya milefiori, yaani "maua elfu" kwa Kiitaliano. Lakini mwaka peke yake si ushahidi. Mafundi wa vioo wa kisiwa cha Murano, Italia, walitia miaka hiyo hiyo kwenye vioo vyao, na Uingereza nako kuna vyenye 1848 vilivyotengenezwa karne ya 20.

Kipindue uangalie kitako. Kioo kilichokaa mezani miaka 170 huwa na pete ya mikwaruzo midogo sana pale tu kinapogusa meza, nayo huelekea kila upande. Mikwaruzo ikilala upande mmoja, hiyo ni kazi ya msasa. Ukiona muhuri hafifu wa duara wenye picha za vyombo vitatu vya kioo, ni Baccarat halisi, ila ni ya karne ya 20.

Kisha pima uzito wake kwa ujazo. Weka bakuli la maji juu ya mizani ya jikoni ya dijitali, urudishe mizani kwenye sifuri. Funga kioo kwa uzi imara, ukizamishe chote kikiwa kinaning'inia, kisiguse chini wala pembeni. Kikigusa, hesabu yote imeharibika. Gramu zinazoonekana ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Tuseme kikavu kina gramu 496 na majini mizani imesoma 160: 496 gawanya kwa 160 ni 3.1. Kioo chenye madini ya risasi, kama cha Baccarat, hufika 3 na zaidi. Cha kawaida hukaa karibu na 2.5. Ukipata 2.5, B hiyo itilie shaka kubwa. Ukipata 3.1 bado hujajua umri, maana Baccarat wa leo nao hutumia risasi. Ndiyo maana tumeanza na kitako.

Kikivuka yote mawili, kipige picha kivulini mchana: juu, ubavuni na kitakoni, rula ikiwa pembeni. Tuma picha hizo, si kioo chenyewe, kwa nyumba mbili za mnada za London au Paris zinazouza vioo vya kale, ulinganishe makadirio yao.

SWALI: Changu kina alama ya mwezi mchanga juu, nadhani kiligongwa. Fundi vioo wa Mwanjelwa anasema atakisaga kirudi kama kipya.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Asikiguse, tafadhali. Mgongo ule wa mviringo ni lenzi, ndio unaoyakuza maua. Ukisagwa unapungua na kubadilika umbo: maua yanasogea karibu na uso, yanaonekana madogo, na mnunuzi mzoefu huliona hilo mara moja. Mashine ya kusagia kingo za vioo vya dirisha huacha pia sehemu bapa. Alama ndogo iliyo pembeni ya maua hupunguza bei kidogo. Usagaji mbaya haurekebishiki.

SWALI: Nakiosha kwa nini, na nikiweke wapi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Baridi ya Njombe ya Juni na Julai isikushawishi kutumia maji ya moto: uso wa kioo hutanuka ilhali kiini bado kimepoa, kikapasuka. Chini ya beseni tandika taulo. Usikiweke dirishani, kwani hukusanya miale ya jua mahali pamoja na kinaweza kuwasha karatasi au pazia.