Kwa nini wengine hukataa kufuata mkumbo: majibu kwa wasomaji

Wengi wakiamriwa kutenda jambo baya hutii, na wachache hukataa. Je, hao wachache wameumbwa tofauti? (Msomaji, Morogoro)

Sidhani. Kuanzia mwaka 1961 Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, aliwakalisha watu wa kawaida mbele ya mashine yenye swichi za volti 15 hadi 450, akawaagiza wampige shoti mtu aliyefungwa kitini chumba cha pili kila alipokosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli na aliyelalamika alikuwa akiigiza, lakini waliobonyeza swichi hawakulijua hilo. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, wanaume 26 kati ya 40 walifika volti 450, na 14 waligoma njiani.

Kama kukataa kungekuwa suala la maumbile tu, hesabu hiyo isingebadilika sana hali ya chumba ilipobadilishwa, lakini ilibadilika mno. Mtoa amri alipoondoka na kuagiza kwa simu, waliotii hadi mwisho walipungua hadi mmoja hivi kati ya watano. Na mshiriki alipoketishwa na wenzake wawili ambao, kwa mpango wa siri na Milgram, waligoma kuendelea, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40.

Lipo jambo jingine ninalolitilia uzito zaidi. Katika majaribio ambayo aliyefungwa kitini alidai kwa sauti kufunguliwa, alifanya hivyo kwa mara ya kwanza volti zilipofika 150, na uchambuzi wa miaka ya baadaye ulionyesha kwamba hapo ndipo waliokataa walipoacha zaidi kuliko hatua nyingine yoyote. Aliyepavuka kwa kawaida aliendelea, kwa sababu swichi iliyofuata ilizidi kwa volti 15 tu, na mtu aliyekwisha kubali ya kwanza hukosa sababu ya kuikataa ya pili bila kujihukumu mwenyewe kwa aliyokwisha kuyatenda. Kwa hiyo naamini kwamba wanaokataa, mara nyingi, ni wale waliosimama mapema, wakati kusimama kulikuwa bado hakujawagharimu sana.

Kikaoni wote wakiafiki jambo ninaloliona ni kosa, mimi hunyamaza. Je, mimi ni mwoga? (Msomaji, Mombasa)

Usijihukumu haraka. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vya Marekani mistari iliyochorwa kwenye kadi, akawauliza ni upi ulio sawa na mwingine kwa urefu. Jibu lilionekana wazi kwa macho, lakini waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa watoe kwa kauli moja jibu la uongo, na takribani robo tatu ya waliopimwa waliwafuata angalau mara moja. Hata baadhi ya wale ambao hawakuwafuata walieleza baadaye kwamba walihangaika na kujitilia shaka. Walisema walichokiona huku wakiwa na wasiwasi uleule ulio nao wewe.

Asch alipomweka katika kundi mtu mmoja tu aliyetoa jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua hadi kama robo ya kiwango cha awali. Kabla ya kikao kijacho, basi, zungumza na mwenzako mmoja. Huenda naye ananyamaza akidhani yuko peke yake.

Tukiwafundisha watoto kuhoji, si tutalea wakaidi? (Mzazi, Dodoma)

Mkaidi hukataa hata lililo jema, na huyo simtetei. Watafiti Samuel na Pearl Oliner waliwahoji mamia ya watu waliowaficha Wayahudi barani Ulaya wakati wa utawala wa Wanazi, wakawalinganisha na wengine ambao hawakufanya hivyo. Waokoaji walisimulia mara nyingi zaidi wazazi waliowaeleza sababu ya makatazo na athari ya kosa kwa mtu mwingine, na mara chache zaidi wazazi waliotegemea fimbo. Mtoto aliyezoea kupewa sababu huitafuta hata anapoamriwa na mwenye bunduki.

Mifano yako ni ya Wazungu. Kwetu je? (Msomaji, Bukoba)

Karibu na kwako kabisa, nchini Rwanda, jioni ya tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, ambako wanafunzi walikuwa wakijisomea madarasani, wakawaamuru Wahutu wakae upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari, na kila mmoja darasani alijua maana ya amri hiyo. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wanafunzi sita waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Rwanda imewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Husemwa kwamba kifo cha wengi ni harusi, lakini wale vijana hawakufuata wingi wa watu: yeyote kati ya Wahutu angeweza kuinuka na kuokoka peke yake.

Mkuu wangu anataka nisaini kwamba mzigo umepokelewa stoo, na haujafika. Anasema ni mara moja tu. (Msomaji, Mwanza)

Hiyo ndiyo volti 150 yako. Mwambie leo, kwa adabu na bila kuzungusha maneno: “Samahani mkuu, nitasaini mzigo ukishafika nikauhesabu.” Akisisitiza, muombe akuandikie agizo hilo kwa barua au baruapepe, kwa maana wengi huamuru kwa mdomo yale wasiyothubutu kuyaandika. Mhusishe mwenzako wa stoo au wa uhasibu unayemwamini, na uweke kumbukumbu ya tarehe na maneno yaliyosemwa. Siwezi kukuahidi kwamba hutachukiwa kazini, lakini ukisaini huu, mzigo wa pili atakuletea huku ameshika saini yako ya kwanza mkononi.