Konokono wa kijitoni

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa miaka 9 kakojoa damu, tukaambiwa kichocho. Nimeokota konokono kijitoni nifuliapo, kando ya bonde la mpunga. Sioni mdudu. Kweli wao ndio chanzo? — Mama wa Chake Chake

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa jicho tupu humwoni. Mayai ya mnyoo hutoka na mkojo. Yakiingia majini huanguliwa kijidudu chenye saa chache tu za kumpata konokono wa jamii ya Bulinus. Asipompata, hufa. Akimpata, huzaana humo wiki kadhaa mpaka wakawa maelfu, na mwenyeji wao mara nyingi huacha kutaga. Wapangaji wamekula akiba yote!

Kisha hutoka kwa wingi jua likiwa la utosi, wakatoboa ngozi ya mtu. Ndiyo saa yetu ya kuoga tulipokuwa wadogo, tukitoka chuoni. Wala kiangazi usikitegemee: baadhi ya konokono hao hujificha topeni wakangoja mvua.

Mtoto apewe dawa ya prazikwanteli kituoni. Nawe usiwaokote tena kwa mkono mtupu.