Kitambi kimekuja, mashavu yameondoka: mwili wako baada ya miaka mingi ya ARV

Sisi tuliokaa muda mrefu kwenye ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, tuna lalamiko letu ambalo walioanza juzi hawalijui bado. Virusi havionekani kwenye kipimo, CD4, zile chembe za kinga, zimepanda, yale magonjwa ya kila wiki yameisha, lakini ukitoka kuoga ukajitazama kwenye kioo unaona mwili ambao hauuelewi. Tumbo limetoka mbele huku miguu imekonda, au mashavu yameingia ndani, au umejaa kila mahali ndani ya mwaka mmoja mpaka nguo zote zimekataa. Unaenda kliniki unaambiwa virusi vimefubaa, hongera, rudi tarehe fulani, alafu dakika tano nyingi ushatoka nje. Hongera tunaipokea kwa mikono miwili, ila mi msimamo wangu ni kwamba kipimo cha virusi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, yaani mafuta, sukari, presha, figo na mifupa, usipoiulizia mwenyewe kuna sehemu nyingi sana hakuna atakayekuulizia.

Kitu cha kwanza tenganisha kupungua mafuta na kuongezeka mafuta. Watu wanayaweka kapu moja, "dawa zimeniharibu mwili", kumbe ni mambo mawili yenye sababu tofauti na yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kupungua tunakujua zaidi sisi wa zamani, hasa tulioanza na stavudine, ile dawa iliyokuwa kila mahali kwa sababu ilikuwa rahisi na ilifanya kazi vizuri kwa virusi. Zidovudine nayo ina tabia hiyo ila kwa kiasi kidogo. Hizi dawa zinamzuia kirusi asijinakili, lakini stavudine hasa ilikuwa inazuia na kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya mitokondria, zile sehemu ndogo ndani ya seli zinazotengeneza nguvu. Seli za mafuta ya chini ya ngozi zikawa zinakufa taratibu. Usoni, mikononi, mapajani, makalioni. Mi mishipa ya mikono ilitokeza kama mizizi, nikawa mtu wa kuvaa nguo za mikono mirefu hata jua likiwaka, na kukaa kwenye benchi la mbao kusubiri kuitwa ilikuwa inauma kwelikweli mana makalio hayakuwa na kitu cha kukalia, nilikuwa nakunja sweta nalikalia. Na uso ndo ulikuwa mbaya kuliko vyote kwa sababu uso huwezi kuufunika, watu walikuwa wanajua hali yako kabla hujafungua mdomo.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zianze kuachana na stavudine, na wengi wetu tukahamishiwa tenofovir. Nikuambie ukweli mafuta yanarudi, ila polepole mno, tunaongelea miaka, na kwa wengi hayarudi yote. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa umri wangu mwenye mashavu yale usimuulize kama anakunywa dawa vizuri, anakunywa vizuri kukuzidi, ile ni alama ya dawa ambayo hata haitumii tena. Mazoezi hayarudishi mafuta ya usoni, bora nikuambie mapema usije ukajichosha ukitegemea hilo. Kuna sindano za kujazia mashavu, moja ya asidi ya polilaktiki iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya watu wenye tatizo letu hilihili, anayeweza kuipata inasaidia ila inabidi irudiwe.

Kuongezeka sasa ni habari nyingine. Zamani tulikuwa tunalaumu zile dawa za kundi la protease, indinavir na wenzake, mtu anaota tumbo, nundu nyuma ya shingo, matiti yanakua hata kwa mwanaume. Siku hizi inaeleweka sio wao peke yao, kuna umri, kuna ile hali ya kinga ya mwili kuchokozwa muda wote ambayo kirusi anaisababisha hata akiwa amefubazwa, kuna maisha yenyewe. Cha muhimu hapa ni aina ya mafuta. Lala chali ubane tumbo kwa vidole, mafuta ya chini ya ngozi yanabanika, unayashika. Lile tumbo gumu lililokaza ambalo vidole vinateleza tu juu yake, mara nyingi hayo ni mafuta ya ndani yaliyozunguka ini na utumbo, na hayo ndo yenye kesi na moyo na sukari. Na hayafyonzwi kwa upasuaji, ule wa kufyonza mafuta unatoa ya juu tu, kwa hiyo mtu asikudanganye. Nundu ya shingoni inaweza kufyonzwa, ila kwa wengine inarudi. Ipo sindano inaitwa tesamorelin iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010 kupunguza haya mafuta ya ndani kwa watu wenye VVU, inafanya kazi, ukiacha kuchoma yanarudi.

Alafu ikaja dolutegravir. Hapa ndo maswali mengi yalipo siku hizi kwa sababu tangu 2018 na 2019 Shirika la Afya lilipoiweka mbele, karibu kila mtu amehamishiwa kile kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ni dawa nzuri sana, mi siwezi kuisema vibaya, ndoto za ajabu za efavirenz, dawa niliyokuwa natumia kabla yake, ziliondoka wiki ileile. Lakini kilo. Utafiti mmoja wa Afrika Kusini uliotoka 2019 uliwafuata watu walioanza dawa, na baada ya wiki 48 waliokuwa kwenye dolutegravir na tenofovir mpya, ile ya alafenamide, walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 6 na kitu, wa dolutegravir na tenofovir ya kawaida kama kilo 3, na wa efavirenz chini ya 2. Wanawake waliongezeka zaidi kuliko wanaume, na tafiti za sehemu nyingine zinaonyesha watu weusi nao wanaongezeka zaidi.

Sasa usikimbilie kusema dawa inanenepesha ukaishia hapo. Sehemu ya hizo kilo ni mwili unajirudi, mtu alikuwa amekonda kwa ugonjwa, huyo mwache anenepe ni haki yake. Sehemu nyingine ni kwamba efavirenz na ile tenofovir ya kawaida zenyewe zinashikilia uzito chini kwa watu wengi, kwa hiyo ukizitoa breki inaachia. Na linabaki, kwa wengine, ongezeko ambalo wataalamu bado wanabishana linatoka wapi. Wewe wa kawaida kinachokuhusu ni hiki: kuacha dawa sio jibu, na hata kurudishwa dawa ya zamani kwa ajili ya kilo mara nyingi hakuzitoi zile kilo, unabaki na uzito uleule na dawa ambayo sio nzuri kama uliyoiacha. Kama una sukari au moyo na uzito unapanda bila breki ongea na daktari, huo ni mjadala halali kabisa, ila ni mjadala wa kukaa na daktari sio wa kuamua jikoni kwako.

Mi silaumu mzani lakini siuamini sana. Mtu aliyepoteza mafuta mapajani na kuongeza tumboni mzani unamwambia hajabadilika, kumbe amebadilika vibaya. Tumia futi ya fundi cherehani. Tafuta mwisho wa mbavu kwa pembeni, tafuta juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati ya hapo, futi inyooke mzunguko wote usiikaze, toa pumzi kawaida ndo usome, na usivute tumbo ndani mana unamdanganya nani sasa. Mwanamke akivuka sentimita 80 na mwanaume 94 hatari inaanza kupanda, mwanamke akifika 88 na mwanaume 102 hiyo ni kubwa. Andika namba na tarehe, pima kila baada ya miezi mitatu hivi, kila siku ni kujitesa bure. Wenzangu kadhaa tumbo lilionekana kwenye futi muda mrefu kabla mzani haujasema kitu.

Sukari nataka niikalie kidogo. Kuna watu wachache ambao baada ya kuanza dolutegravir sukari inapanda ghafla, ndani ya wiki au miezi, na ajabu ni kwamba hao mara nyingi hawanenepi, wanakonda. Kiu haiishi, unaamka usiku kukojoa mara tatu nne, macho yanaona ukungu, kilo zinashuka. Mtu wa VVU akikonda wote wanawaza virusi vimepanda, wanapima virusi, vimefubaa, anarudishwa nyumbani. Ukiona hivyo omba kipimo cha sukari siku hiyohiyo, usisubiri tarehe, hiyo inaweza kukulaza hospitali. Kwenye damu ya asubuhi bila kula, 7.0 (mmol/L) na kuendelea ikirudiwa na ikawa ileile ni kisukari. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kwetu sisi kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi, hasa ukiwa kwenye zidovudine au abacavir, kwa hiyo kikisema uko sawa na dalili unazo, sisitiza cha asubuhi.

Na ukipewa metformin, mwambie aliyekuandikia kwamba unatumia dolutegravir. Usidhani anajua, mara nyingi wa sukari na wa ARV ni watu wawili ambao hata hawajawahi kuonana. Dolutegravir inaifanya metformin ijazane mwilini, ndo mana ukiwa nayo dozi ya metformin kawaida haivuki miligramu 1000 kwa siku. Vilevile vidonge vya kalsiamu, vya madini ya chuma na zile dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu vinashika dolutegravir tumboni isinyonywe vizuri. Meza dolutegravir saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baada. Vya kalsiamu na chuma unaweza kumeza pamoja nayo kama unakula chakula, hivyo vya kiungulia hapana.

Mafuta ya kwenye damu hayana dalili kabisa, we pima tu, angalau mara moja kwa mwaka ukishafika miaka 40. Kuna jambo limebadilika hapa ambalo wengi hawajalisikia. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 7,700 wenye VVU, wa miaka 40 mpaka 75, ambao hatari yao ya moyo haikuwa kubwa kwa hesabu za kawaida. Nusu walipewa pitavastatin, moja ya zile dawa za kushusha kolesteroli zinazoitwa statin, na matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 35. Maana yake mtu wa VVU wa miaka 45 mwenye kolesteroli "ya kawaida" bado ana sababu ya kuuliza kama anahitaji statin. Ila kama ARV zako zina ritonavir, mfano atazanavir au lopinavir ambazo huwa zinaambatana nayo, ile statin inayoitwa simvastatin ni marufuku, zikikutana misuli inaweza kuharibika mpaka figo zikaingia matatani. Na sigara, jamani, kama unavuta hakuna kidonge hapo kitakachokusaidia kuzidi kuiacha.

Figo na mifupa nitapita haraka. Tenofovir ya kawaida inapunguza uzito wa mifupa kidogo mwanzoni alafu inatulia, na kwa wachache inasumbua figo, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, iwe kwenye orodha yako ya kuulizia.

Mazoezi, usikimbie tu. Kukimbia na kutembea haraka kunasaidia tumbo la ndani na sukari, lakini sisi ambao dawa za zamani zilitumaliza mikono na miguu tunahitaji na vitu vizito, hata ndoo ya maji, kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta kama huwezi sakafu. Misuli inajaza pale mafuta yalipotoka na inakula sukari. Kujinyima chakula sana kunaondoa na misuli, unaweza kubaki na tumbo lako na miguu myembamba zaidi.

Kitu ambacho kinanitia hofu kuliko vyote ni hizi dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni, vidonge na majani ya chai ambayo hakuna anayejua ndani kuna nini. Orlistat inazuia mafuta ya chakula yasinyonywe, na imeshaonekana inazuia na ARV, kuna watu virusi vilipanda tena kwa sababu yake. Mmea wa St John's wort unashusha dolutegravir kwenye damu. Kama ushaanza kutumia chochote cha hivyo kiache leo, endelea na ARV zako kama kawaida, alafu nenda na hilo kopo kliniki waone lilivyoandikwa na uombe kipimo cha virusi hata kama tarehe yako bado.