Mota ya Mashine ya Useremala: Itambue Kabla Hujaitumia Tena

Msumeno wa meza ukichoka, mara nyingi kinachokufa ni meza, reli au beringi za shafti ya msumeno. Mota huwa bado ina miaka yake. Ila usikimbilie spana. Chomoa umeme, piga picha ya kibao cha mota, kisha fungua kisanduku cha nyaya upige picha nyingine kabla ya kulegeza nati hata moja. Nyaya zikishakatwa bila alama, kazi ya dakika tano hula siku nzima.

Wengi wakisoma kibao huishia kwenye nguvu ya farasi (HP 1 ni wati 746). Soma na kasi: kwa umeme wa 50 Hz, mizunguko 2800 hadi 2900 kwa dakika ni mota ya poli 2 (poli ni ncha za sumaku zinazotengenezwa na koili), na 1400 hadi 1450 ni ya poli 4. Halafu itafute herufi S. S1 ni mota ya kubeba mzigo mfululizo. Mashine nyingi za mbao huandikwa S6 40%, yaani katika kila dakika 10 inabeba mzigo uliotajwa kwa dakika 4, na 6 zilizobaki inazunguka bure. Ukiifunga mota hiyo kwenye kompresa ukaidai kilowati zote za kibao saa nzima, utanusa vanishi ikiungua.

Kibao kikiwa kimeng'oka, pima shafti. Kwa mota za vipimo vya IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme), milimita 14 huwa ni kilowati 0.25 hadi 0.55, milimita 19 ni 0.55 hadi 1.1, milimita 24 ni 1.1 hadi 2.2. Upande wa chini wa kila kipimo ni wa poli 4, wa juu ni wa poli 2.

Ukikuta kisanduku chenye vichwa sita, U1, V1, W1 na vingine vitatu vyenye namba 2, hiyo ni ya fezi tatu. Usiitupe kwa sababu una fezi moja tu. Ikiwa imeandikwa 230/400 V, inveta inayoingiza fezi moja ya 230 V na kutoa fezi tatu itaiendesha vizuri, mradi uiunganishe kwa delta: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Ukiiacha kwenye nyota (W2, U2 na V2 zikiwa zimefungwa pamoja) itazunguka, lakini ikipata mzigo kidogo tu inalegea. Ya 400/690 V haikufai kwa inveta hiyo. Njia ya kuiendesha kwa fezi moja ukitumia kapasita tu bila inveta, takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, ni ya bei nafuu, lakini unapoteza karibu theluthi ya nguvu na mota inaanza kwa unyonge. Kwa feni inavumilika. Kwa randa sishauri.

Mota ya fezi moja ikinguruma bila kuanza, kisha ukizungusha shafti kwa kamba ikaondoka, koili kuu ni nzima. Kagua kapasita, halafu swichi ya ndani inayofunguka kasi ikipanda. Unga wa mbao hupenda kujibana pale. Kapasita itoe chaji kwa rezista ya kiloomu 10 hadi 20, si kwa bisibisi. Nyaya tatu zisizo na alama zipime mbili mbili, kapasita ikiwa nje. Tuseme umepata omu 4, 11 na 15: waya usioguswa wakati wa 15 ndio wa pamoja, kutoka hapo, 4 ni koili ya kazi na 11 ni ya kuanzia.

Shafti isipozunguka kabisa, usidhani imekwama. Misumeno mingi ina breki ya sumaku ambayo, umeme ukikatika, huishika shafti. Breki hiyo huhitaji umeme wake ili iachie, kwa hiyo usikate nyaya zake.

Safisha vumbi lote, kisha pima koili dhidi ya bodi (ganda la chuma la mota) kwa mega, yaani kipima insulesheni, ya volti 500. Chini ya megaomu 1, ikaushe kwa joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa saa kadhaa, upime tena. Isipopanda, ipeleke kwa fundi wa kusuka koili upya. Beringi zibadilishe tu. Namba 6204 na 6205 ni za kawaida. Unapozipachika kwenye shafti, bonyeza ringi ya ndani, kwani ukigonga ya nje unaziharibu kabla hazijafanya kazi.

Mota za kaboni, zile za misumeno midogo yenye kelele, nazihesabu kama vipuri tu: bila mzigo hukimbia kupita kiasi.

Kwenye feni ya kunyonya vumbi, kuwa mwangalifu na puli. Kuongeza kasi ya feni kwa asilimia 20 kunaongeza mzigo kwa karibu asilimia 73. Weka kinga ya mzigo kwenye ampea za kibao, funga waya wa ethi kwenye bodi, na tumia swichi isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi.